Amri moja ilivyochoma hesabu za chama chetu, na jinsi ya kuendesha hifadhidata bila kuungua

Ilikuwa Alhamisi usiku, wiki ya pili ya Desemba, na mgao wa chama ulikuwa Jumamosi. Tulikuwa wanachama 38: waendeshaji bodaboda wa stendi moja, akina mama wachache wa soko la pale pale, na mimi, “kijana wa kompyuta”. Mapema mwaka huo nilikuwa nimewashawishi waachane na daftari, hesabu zao niziweke kwenye hifadhidata. Mwenyekiti alikubali shingo upande. Mhazini, mama wa makamo anayeuza viazi, hakukubali wala hakukataa. Aliendelea tu kuandika kwenye daftari lake kila Jumapili kana kwamba hakunisikia.

Usiku huo mwanachama mmoja alinipigia simu. Alikuwa ameniomba nimtumie michango yake, na alipoipitia akaona kwamba Sh500 alizotoa mwezi Agosti nilizirekodi kama Sh50. Kosa la kidole. Nikawasha tarakilishi, nikachapa:

UPDATE michango SET kiasi = 500;

Nikabonyeza Enter. Jibu lilikuja hata kabla sijaondoa kidole:

Query OK, 1041 rows affected
Rows matched: 1163  Changed: 1041  Warnings: 0

Kama mistari hiyo haikuambii kitu, wacha nikutafsirie. Nilikuwa nimeiambia mashine iweke Sh500 kwenye kila mchango uliowahi kuingizwa, wa kila mtu, tangu Januari. Michango ilikuwa 1,163. Mingine 122 tayari ilikuwa Sh500, kwa hivyo haikubadilika. Iliyobaki 1,041 ilipotea. Aliyetoa Sh100 na aliyetoa Sh2,000 wakawa sawa mbele ya mashine. Nakala ya akiba sikuwa nayo.

Nitakwambia tulivyotoka hapo. Lakini kwanza nataka ujue kazi yenyewe, kwa sababu vijana wengi wananiuliza waanzie wapi na mambo ya data, na wengi wao wameshaona video kumi bila kuchapa amri hata moja.

Jedwali ni nini, na kwa nini Excel haitoshi

Chama chochote kinachotumia Excel hufika mahali pamoja. Kuna faili inayoitwa chama_final, nyingine chama_final2, na ya tatu imo kwenye simu ya katibu aliyesafiri. Ndani yake mtu mmoja ameandikwa “Wanjiku”, “Wanjiku M.” na “wanjiku bodaboda”, na ukijumlisha unapata watu watatu. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Dawa ya ugonjwa huo iliandikwa mwaka wa 1970. Edgar Codd, Mwingereza aliyewahi kurusha ndege za kijeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kabla ya kuingia kwenye hesabu na tarakilishi, alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM kule San Jose, California. Alipendekeza kwamba data yote iwekwe kwenye majedwali ya kawaida, na kwamba mtu aseme anataka nini bila kuiambia mashine ikatafute wapi. Kila jambo liandikwe mara moja, mahali pamoja, na mahali pengine pote palielekeze kwa namba. Miaka minne baadaye wenzake wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitunga lugha ya kuuliza majedwali hayo. Waliiita SEQUEL, lakini jina hilo lilikuwa na mwenyewe kibiashara, likafupishwa likawa SQL. Hiyo ndiyo lugha tunayochapa hadi leo. Ukijifunza SQL mwaka huu, utaitumia pia utakapokuwa na mvi, na ni mambo machache ya tarakilishi unayoweza kuyasemea hivyo.

Na usidhani ni mambo ya Ulaya na Marekani pekee. Mwaka wa 2006 mfumo wa OpenMRS ulianza kutumika Eldoret, kwenye mpango wa AMPATH, kutunza rekodi za wagonjwa wanaotibiwa HIV. Mfumo huo ni wa bure na umeenea katika nchi nyingi. Chini yake kuna MySQL, hifadhidata ile ile utakayochezea kwenye kompyuta yako kuukuu.

Jina MySQL lenyewe lina kisa. Michael Widenius wa Finland, mmoja wa waliolianzisha mwaka wa 1995, ana binti anayeitwa My. Baadaye, MySQL ilipokuwa ikielekea mikononi mwa kampuni kubwa ya Oracle, alianzisha tawi jipya akaliita MariaDB, kwa jina la binti yake mdogo, Maria. Amri za hao mabinti wawili karibu zote zinafanana, kwa hivyo usipoteze wiki ukijiuliza uchague nani.

Kuingia ndani

Kama una Ubuntu au Linux nyingine ya jamii hiyo, amri ni mbili:

sudo apt install mariadb-server
sudo mysql

Kwa Windows, wengi huanza na XAMPP. Kama una simu ya Android pekee, weka programu ya Termux, chapa pkg install sqlite, kisha sqlite3 chama.db. SQLite ni hifadhidata ndogo inayokaa kwenye faili moja. Tayari imo ndani ya simu yako, programu nyingi huitumia kimyakimya. Amri za kuingiza, kuuliza, kubadilisha na kufuta za hapa chini zitafanya kazi huko, ingawa nyingine kadhaa, zikiwemo za kutengeneza hifadhidata na majedwali, za muamala, za watumiaji na za nakala, ni tofauti.

Ukiingia utaona skrini nyeusi na neno MariaDB likifuatwa na alama ya >. Hakuna kitufe cha kubonyeza, hakuna picha. Wengi hukimbia hapa. Usikimbie. Skrini hiyo ina faida moja kubwa: hakuna kinachotendeka mpaka uchape nukta mkato na kubonyeza Enter. (Faida hiyo ndiyo iliyonichoma mimi, lakini tuendelee.)

SHOW DATABASES;
CREATE DATABASE chama;
USE chama;

Ukisahau nukta mkato, mashine haitagomba. Itakuonyesha mshale wa -> ikingoja umalizie. Mara ya kwanza nilidhani imekwama nikazima kompyuta. Chapa nukta mkato peke yake, yaishe.

Sasa tengeneza majedwali mawili. Mawili, si moja. Hapo ndipo wazo la Codd lilipo.

CREATE TABLE wanachama (
  id INT AUTO_INCREMENT PRIMARY KEY,
  jina VARCHAR(60) NOT NULL,
  simu VARCHAR(13) UNIQUE,
  tarehe_kujiunga DATE
);

CREATE TABLE michango (
  id INT AUTO_INCREMENT PRIMARY KEY,
  mwanachama_id INT NOT NULL,
  kiasi DECIMAL(10,2) NOT NULL,
  tarehe DATE NOT NULL,
  FOREIGN KEY (mwanachama_id) REFERENCES wanachama(id)
);

Soma polepole. Kila mwanachama anapewa namba yake, id, ambayo mashine yenyewe inaiongeza. Huo ndio ufunguo msingi. Watu wawili wanaweza kuitwa Otieno, lakini hawawezi kuwa na id moja. Jedwali la michango halina majina kabisa. Lina namba ya mwanachama tu. Mstari wa mwisho, FOREIGN KEY, ni askari wa mlangoni: ukijaribu kuingiza mchango wa mwanachama namba 99 na hayupo, unarudishwa. Ukijaribu kumfuta mwanachama ambaye bado ana michango, unarudishwa pia. Excel haina askari huyo.

Angalia simu. Nimeiandika kama maandishi, si namba. Mbona? Kwa sababu ukiiweka kama namba, sifuri ya mwanzo inapotea na 07 inakuwa 7. Na pesa nimeziweka DECIMAL, si FLOAT. FLOAT hukadiria, na ukijumlisha makadirio mengi senti huanza kuyeyuka. Huwezi kumwambia mtu wa bodaboda kwamba senti zake zimekadiriwa.

Kuingiza mtu ni hivi:

INSERT INTO wanachama (jina, tarehe_kujiunga)
VALUES ('Halima', '2023-01-08');

Tarehe huanza na mwaka. Ukichapa 08-01-2023 utapata kosa au, kwa mipangilio fulani, tarehe isiyo sahihi.

Halafu kuna shida ambayo video za Wamarekani haziitaji mara nyingi, na hapa kwetu utakutana nayo siku ya kwanza: ng’. Jaribu kuingiza Nyong'o:

VALUES ('Nyong'o', '2023-01-08');

Mashine inaona alama ya kwanza, inafungua maandishi. Inaona alama iliyo baada ya g, inafunga. Kisha o inabaki nje inashangaa. Alama ya mwisho inafungua maandishi mengine ambayo hayafungwi sawasawa, na yanaanza kumeza kila kitu unachochapa, nukta mkato ikiwemo. Utaona alama ya '> ikikungoja. Hiyo si mshale wa kawaida. Mashine inakuambia bado iko ndani ya maandishi. Chapa '\c uondoke, uanze upya. Dawa ni kuirudia alama hiyo mara mbili: 'Nyong''o', 'Ng''ang''a', 'Ng''eno'.

Usilichukulie jambo hilo kama uchokozi wa tahajia tu. Wezi wa mtandaoni hutumia mwanya uo huo: wanaingiza alama hiyo kwenye kisanduku cha jina katika tovuti, wanafunga maandishi ya mwenye tovuti, kisha wanaendelea na amri zao wenyewe. Tovuti yako ikianguka Nyong'o anapojisajili, jua mwizi naye anaweza kuingia hapo hapo.

Kuuliza

Kazi kubwa ya hifadhidata ni kujibu. Amri ya kuuliza ni SELECT, na haiharibu chochote. Ichape mara elfu ukitaka.

SELECT * FROM wanachama;

SELECT kiasi, tarehe FROM michango
WHERE mwanachama_id = 17
ORDER BY tarehe;

Ya kwanza inaleta kila kitu. Ya pili inaleta michango ya mtu namba 17 pekee, kwa mpangilio wa tarehe. WHERE ndiyo inayochuja. Likumbuke neno hilo.

Sasa unataka jumla ya kila mtu, na jina lake. Jina liko jedwali moja, pesa ziko jedwali lingine. Unayaunganisha:

SELECT w.jina, SUM(m.kiasi) AS jumla
FROM wanachama w
JOIN michango m ON w.id = m.mwanachama_id
GROUP BY w.id, w.jina
ORDER BY jumla DESC;

Mara ya kwanza mwenyekiti kuona orodha hii ikitoka kwa kufumba na kufumbua, alicheka mpaka akakaa. Kazi hiyo ilikuwa ikiwachukua Jumapili mbili. Lakini mhazini aliikagua, akahesabu kwa kidole, akauliza, “Mbona wako 35?”

Alikuwa sahihi. JOIN ya kawaida inaleta tu walio kwenye majedwali yote mawili. Watatu ambao hawakuwa wamechanga hata shilingi hawakutokea. Yaani orodha ya michango ilikuwa inawaficha wale wale ambao chama kilitaka kuwaona! Ukitaka wote watokee, weka LEFT JOIN badala ya JOIN. Ukitaka wale wakwepaji pekee:

SELECT w.jina FROM wanachama w
LEFT JOIN michango m ON w.id = m.mwanachama_id
WHERE m.id IS NULL;

NULL maana yake ni “hakuna kilichoandikwa”. Si sifuri. Mtu aliyechanga sifuri na mtu ambaye hatujui alichanga ngapi ni watu tofauti, na mashine inawatofautisha. Ndiyo maana huandiki = NULL; unaandika IS NULL. Ukiandika = NULL hutapata kosa, utapata orodha tupu, na utadhani mambo ni shwari. Mimi naona hilo ni baya kuliko kosa lenyewe.

Kubadilisha na kufuta

Turudi kwa Alhamisi. Nilichopaswa kuchapa ni hiki. Kwanza, kutafuta mchango wenyewe:

SELECT id, kiasi, tarehe FROM michango
WHERE mwanachama_id = 17
AND tarehe BETWEEN '2023-08-01' AND '2023-08-31';

Tuseme unakuta mchango wa Sh50 una id 702. Kisha:

START TRANSACTION;
UPDATE michango SET kiasi = 500 WHERE id = 702;

Mashine itajibu imebadilisha mstari 1. Soma namba hiyo kabla ya kupumua. Kama ni 1, chapa COMMIT. Na mabadiliko yatakaa. Kama ni 1041, chapa ROLLBACK. Na ni kana kwamba hukugusa kitu. Laiti ningechapa maneno hayo mawili, START TRANSACTION, hungekuwa ukisoma makala haya.

Muamala, kwa lugha ya hifadhidata, ni kama kutuma pesa kwa M-Pesa. Pesa zinatoka kwako na zinaingia kwa mwenzako, yote mawili au lolote lisitendeke. Hakuna kukwama katikati. Bila START TRANSACTION, MySQL huichukulia kila amri yako kuwa muamala uliokamilika, inaufunga papo hapo. Hakuna kurudi nyuma.

DELETE iko vivyo hivyo. DELETE FROM michango; bila WHERE inafuta mistari yote. DROP TABLE michango. Inaondoa jedwali lenyewe, na hiyo ROLLBACK haiiokoi hata ukiwa ndani ya muamala, kwa sababu kwenye MySQL amri za aina hiyo hufunga muamala zenyewe.

Mazoea niliyojifunza baada ya kuungua ni haya: naandika WHERE kwanza. Naanza na SELECT yenye WHERE yangu, natazama mistari inayotoka, nikiridhika narudisha amri hiyo kwa mshale wa juu wa kibodi na kubadilisha mwanzo wake tu. Hivyo ninajua nitakachogusa kabla sijakigusa.

Kuna kinga nyingine pia. Unaweza kuingia hivi:

sudo mysql --safe-updates chama

Ukiingia kwa mlango huo, UPDATE au DELETE isiyo na WHERE ya ufunguo wala LIMIT inakataliwa, kosa namba 1175. Pia orodha ndefu hukatwa kwenye mistari 1,000, usije ukadhani data imepotea. Waliotengeneza MySQL waliipa kinga hii jina la pili, --i-am-a-dummy, yaani “mimi ni mjinga”. Si mzaha wangu. Lichape uone, linafanya kazi. Mimi sasa naingia kwa jina hilo kila siku, na sioni haya.

Nakala ya akiba

Hifadhidata nzima unaweza kuitoa iwe faili moja ya maandishi:

sudo mysqldump chama > chama_2023-12-10.sql

Kuirudisha, unatengeneza hifadhidata tupu kisha unageuza mshale:

sudo mysql -e "CREATE DATABASE jaribio"
sudo mysql jaribio < chama_2023-12-10.sql

Uangalie mshale huo kama unavyoangalia barabara ya Thika kabla ya kuvuka. Ukichapa > mahali pa <, hurudishi kitu. Faili yako ya akiba inafutwa na kuwa tupu, na inafanyika hata kabla mysql haijaanza.

Nimetumia jina jaribio makusudi. Nakala ambayo hujawahi kuirudisha ni matumaini tu. Waulize GitLab. Januari 31, 2017, mhandisi wao mmoja akihangaika usiku na seva iliyokuwa na matatizo alifuta data kwenye seva isiyokuwa yenyewe. Walipokimbilia akiba zao wakakuta programu ya kutoa nakala ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, imekuwa ikishindwa kimya kimya, na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi huyo huyo alikuwa ameichukua kwa mkono, kwa sababu nyingine kabisa, saa sita hivi kabla ya ajali. Walipoteza saa hizo sita. Nawaheshimu kwa jambo moja: waliurusha ukarabati moja kwa moja mtandaoni, dunia nzima ikitazama.

Baada ya kutoa nakala, iondoe kwenye kompyuta hiyo. Flashi, simu ya pili, popote pale. Kompyuta ikiibwa, akiba iliyo ndani yake inaondoka nayo. Lakini kumbuka faili hiyo ina majina na namba za simu za watu, na tangu 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data. Usiipachike kwenye kundi la WhatsApp.

Nani aguse nini

Nilikuwa nikiingia kama root, mwenye ruhusa zote, kwa kazi ya kurekebisha Sh50. Ni kama kutumia panga kukata kucha. Tengeneza mtumiaji mwenye ruhusa ndogo:

CREATE USER 'mhazini'@'localhost' IDENTIFIED BY 'nenosiri_refu';
GRANT SELECT, INSERT ON chama.* TO 'mhazini'@'localhost';

Huyu anaweza kusoma na kuongeza. Hawezi kubadilisha wala kufuta. Mchango ukiingizwa vibaya, haufutwi: unaongeza mstari mwingine wa kusahihisha, wenye hasi ukihitajika, kama wahasibu wanavyofanya. Hapo hesabu zinabaki na historia, na mtu akiuliza mwezi wa tatu kilitendeka nini, kuna jibu.

Ijumaa na Jumamosi

Usiku ule sikulala. Seva ina kumbukumbu za ndani ambazo zingeweza kunisaidia kurudisha mabadiliko, lakini lazima uwe umeziwasha mapema, na kwangu hazikuwa zimewashwa. Saa kumi na moja alfajiri nilikwenda kwa mhazini. Nilimkuta anapanga magunia. Nikamwambia yote, nikitarajia matusi.

Akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka na daftari. “Kaa hapo,” akasema. “Mimi nasoma, wewe andika.”

Siku nzima alinisomea: tarehe, jina, kiasi. Wateja wakija anasimama, anapima viazi, anarudi pale pale alipoachia. Michango iliyopitia M-Pesa tuliilinganisha na taarifa ya simu ya chama. Iliyotolewa mkononi ilikuwa kwenye daftari pekee. Tulimaliza baada ya usiku wa manane, na jumla yetu ikalingana na pesa zilizokuwa benki, isipokuwa mahali pamoja. Ukurasa wa mwezi Aprili ulinyeshewa mvua ya masika. Mistari sita haikusomeka. Mitano wenyewe walikuwa na jumbe kwenye simu. Wa sita alitoa taslimu.

Jumamosi nilisimama mbele ya watu wote nikaeleza. Huyo wa sita alisema alitoa Sh3,000. Wawili waliokuwepo siku hiyo walikumbuka Sh1,600. Hakuna aliyeweza kuthibitisha. Chama kiliamua alipwe anachodai, na hizo Sh1,400 zilizobishaniwa zitoke mfukoni mwangu. Nililipa. Alipokea pesa zake, akashukuru, na Januari hakurudi. Hadi leo sijui kama alikasirika kwa kutoaminiwa au aliona haya. Ningekuwa na nakala moja ya akiba, swali hilo lisingekuwepo.

Chama kinaendelea. Mhazini sasa ana akaunti yake, ile yenye SELECT na INSERT, na kijana wake wa kidato cha tatu humchapia Jumapili jioni. Daftari hajaliacha. Kila tukimaliza hunitazama na kuuliza, “Umeiweka kwa flashi?” Nikisema ndiyo, ananyoosha mkono aione.